Kabla Hujashika Maiki: Namna ya Kutafuta Neno Mbadala la Neno Linalochoma

Nilikuwa MC kwenye sendofu moja pale Uyole, Mbeya, mwezi wa Juni, baridi ile ya kuvaa makoti mawili. Ukumbi umejaa. Wajomba wa binti wanaingia kwa foleni na zawadi zao, na mmoja wao anatembelea magongo. Viti vimebanana, njia hakuna. Nikaona nimsaidie. Nikasema kwenye maiki, kwa sauti ya furaha kabisa: "Jamani, mpisheni kiwete apite!"

Watu wakapisha. Mzee akafika mbele, akaegemeza gongo moja kwenye meza ya keki, akanyoosha mkono nimpe maiki. Akasema: "Mimi ni mjomba wake. Nimemlipia huyu binti ada tangu kidato cha kwanza. Sasa huyo kiwete anayesubiriwa yuko wapi, na mimi nimpishe?"

Ukumbi kimya. Hata DJ alisahau kuweka wimbo.

Sikuwa na nia mbaya. Lile neno lilikuja kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Tangu siku ile natembea na daftari dogo, na mwongozo huu umetoka humo. Ni kwa MC wenzangu, makatibu wa vikundi, walimu, wanaosoma matangazo kanisani na msikitini, na wale wanaoongoza magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ambako moto huwaka kila Jumapili.

Kwanza, acha kusema "haya ni mambo ya Wazungu"

Hoja hii nimeisikia hadi nimechoka. Kiswahili kina maneno ya pili tangu zamani. Ng'ombe amekufa, lakini jirani amefariki, ametutoka, ametangulia mbele za haki. Ukimwambia mkwe wako kwamba mkeo "ana mimba" atakuangalia; unasema ni mjamzito. Mtu anakwenda haja, anakwenda msalani. Hata mvua zamani ilikuwa "inanya", na hilo lilikuwa Kiswahili safi kabisa. Jaribu kulisema leo Tukuyu, mahali ambapo mvua haina likizo, uone watakavyokucheka kutwa nzima.

Na sisi wa nyanda za juu kusini tuna ushahidi wa karibu zaidi. Bibi yangu aliolewa Rungwe enzi ambazo mke hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, wala kutamka jina lake, wala neno lolote la kawaida lililofanana na jina hilo. Mwiko huu kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe Wanyakyusa wanauita ingamwana. Baba mkwe wake bibi alikuwa na jina lililokaribiana na neno la chumvi. Basi bibi hakuitaja chumvi maisha yake yote. Alisema "kile cha kuungia". Mzee akafa, akazikwa, na bado bibi aliomba apewe kile cha kuungia.

Nilipomuuliza bibi, mtu asiye na shule kama yeye alipataje maneno mengine, alinijibu kirahisi. Ama unaeleza kitu kinafanya nini, ama unaazima neno kwa majirani, ama unachukua neno la zamani lililolala. Sijaona njia bora zaidi ya hizo tatu, na tutazitumia huko mbele.

Andika maneno yako mwenyewe kwa siku mbili

Usianze na maneno ya wengine. Chukua daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu, na kwa siku mbili andika kila neno ulilotumia kumtaja mtu badala ya jina lake. Kwenye daladala ya Mbalizi hadi Uyole, sokoni Mwanjelwa, nyumbani, kijiweni. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 23. Sikuamini. Kulikuwa na kiwete, bubu, chizi, zeruzeru, hausigeli, mshamba, teja, chokoraa, kikongwe, tasa, mtoto wa nje, na mengine ambayo siyaandiki hapa.

Kisha pitisha kila neno kwenye vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza: ungelisema mwenyewe akiwa amekaa mbele yako, na wewe unamwomba mkopo? Kama ungelimeza, lipe alama.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini zaidi: je, neno hilo hutumika kumtukana mtu ambaye halimhusu? Dereva wa bodaboda akikukosakosa pale Mafiati anakupigia kelele, "We kipofu nini?" Macho yako ni mazima. Mtoto akichelewa kujibu anaambiwa, "Bubu wewe?" Aliyevaa soksi mbili tofauti anaulizwa ametoroka Mirembe, kana kwamba hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ni utani. Neno likishafanya kazi ya tusi kwa wengine, anayelibeba kama hali yake ya kila siku analisikia mara mbili.

Yaliyopata alama kwenye vipimo vyote viwili shughulika nayo kwanza. Mengine yatasubiri.

Jaribu kulifuta kabla ya kulibadilisha

Hatua hii watu wengi wanairuka. Wanakimbilia kutafuta jina tamu zaidi wakati hapakuhitajika jina lolote. Pale Uyole nilitakiwa kusema: "Jamani, sogezeni viti, mjomba anapita." Basi. Magongo kila mtu alikuwa anayaona.

Jiulize habari unayotoa inahitaji hali ya mtu huyo au la. "Yule fundi zeruzeru wa pale Kabwe ameshona sare vizuri." Ufundi na rangi ya ngozi vinahusianaje? Sema fundi wa pale Kabwe, mwenye duka la mlango wa bluu. Kwa hesabu yangu, nusu ya maneno ya kwenye daftari yaliondoka hivi, bila mbadala wowote.

Panapohitajika neno, waulize wenyewe

Hapa nilikosea mara ya pili. Baada ya aibu ya Uyole nikawa mpole kupita kiasi. Nikapewa kusherehesha mahafali yenye wahitimu wasiosikia, nami nikajitungia "ndugu zetu wenye changamoto ya usikivu". Mkalimani alipomaliza kutafsiri, kijana mmoja akajibu kwa alama na mkalimani akatusomea: "Sisi ni viziwi. Tuna lugha yetu."

Ukweli ndio huo. Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na neno kiziwi wamelishika wenyewe bila haya. Wanalolikataa ni bubu, kwa sababu linadai hawana lugha, ilhali Lugha ya Alama ya Tanzania wanaizungumza kutwa. Wasioona nao chama chao ni Chama cha Wasioona. Shirikisho linalovikusanya vyama hivi linajiita Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, na sheria ya mwaka 2010 inatumia maneno hayohayo: watu wenye ulemavu. Wakati huohuo kipo chama cha siku nyingi, CHAWATA, ambacho jina lake bado linasema "walemavu".

Maana yake ni kwamba njia ya mkato ya kupata neno ni kusoma jina ambalo watu wamejipa kwenye chama chao. Njia ndefu, na bora, ni kumuuliza mhusika faraghani: "Mzee wangu, kwenye kutambulisha nikutajeje?" Sijawahi kukutana na aliyekasirika kwa kuulizwa. Wengi hujibu, "Taja jina langu tu."

Kamusi haitakusaidia sana hapa. Itakupa maana ya kiwete, na haitakwambia uso wa mtu unavyobadilika akiitwa hivyo.

Kulijenga neno: ile "ki-" na ile "mwenye"

Tazama orodha hii: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa, kibogoyo, kikongwe. Yote yanaanza na ki-, kama kiti na kikombe. Wapo wanaosema hapo ndipo dharau ilipo, kwamba mtu amewekwa kundi la vitu. Mimi siendi mbali hivyo, maana kiongozi na kijana nao wana ki- na hakuna anayelalamika. Ila ni dalili ya kukufanya usimame kidogo.

Ugumu wenyewe ni kwamba neno moja linammeza mtu mzima. Ukisema "kichaa" hujabakiza baba, fundi, wala jirani. Kiswahili kina njia mbili rahisi za kumrudisha mtu. Ya kwanza ni -enye: mtu mwenye ualbino, mwenye ulemavu wa viungo, mwenye ugonjwa wa akili. Ya pili ni kutumia kitenzi, ile njia ya bibi ya kueleza kitu kinafanya nini: asiyeona, anayetembelea magongo, anayetumia kitimwendo, anayeishi mtaani, anayetumia dawa za kulevya. Kitenzi nakipenda zaidi kwa sababu kina wakati. Anayeishi mtaani leo anaweza kuwa aliyekuwa akiishi mtaani mwakani. Chokoraa ni chokoraa tu.

Maneno haya ni marefu, ndiyo. Yataje kamili mara moja, kisha tumia jina lake au "yeye". Usiyarudie kila sentensi kama dua.

Na uwe mchoyo na "changamoto" na "mahitaji maalumu". Shuleni wanasema watoto wenye mahitaji maalumu, na pale linaeleweka. Lakini ukitangaza kwamba "wenye mahitaji maalumu watahudumiwa", anayetumia kitimwendo bado hajui kama mlangoni kuna ngazi. Mwambie kuna njia isiyo na ngazi upande wa kulia.

Maneno matatu ya kwetu hasa

La kwanza ni la nyumbani. Ukiwa Dar es Salaam utasikia mtu anasema kwa simu, "Nitafutie msichana wa Iringa," kama anayeagiza gunia la viazi. Mabinti wa Iringa, Njombe na Mbeya wamelea watoto wa mji mzima, nao wakaitwa hausigeli, beki tatu, "yule wa jikoni". Mbadala uliozoeleka ni dada: "dada wa kazi", au "dada" peke yake. Ni neno zuri la kumwita, na mtoto anayelelewa naye amwite hivyo, na ajifunze kumwamkia kama ni mkubwa kwake. Lakini linapokuja suala la mshahara, dada linageuka mtego, kwa sababu ndugu hadai likizo. Hapo mwite mfanyakazi wa nyumbani. Neno mfanyakazi linakuja na mkataba, mapumziko na kima cha chini cha mshahara, na lina chama nyuma yake, CHODAWU. Kwa hiyo mimi natumia yote mawili: dada tukiwa mezani, mfanyakazi tukiwa kwenye karatasi.

La pili ni la afya, na hapa nyanda zetu hazina ujanja. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Fanya hesabu ya MC: ukumbi wa watu wazima 200 pale Njombe, takriban 25 wanaishi na virusi. Wapo wanaokupigia makofi. Sasa tupia ule mzaha wa "kukanyaga miwaya" uone ni meza ngapi zitaacha kucheka. "Mwathirika" nalo limechoka. Linamfanya mtu anayekunywa dawa zake, analima na kulea, aonekane ameshaangushwa. Wenyewe wanasema WAVIU, au mtu anayeishi na VVU. Tena tofautisha virusi na ugonjwa: anayeishi na VVU si lazima awe na UKIMWI. Na sheria ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, kwa hiyo usidhani ni adabu tu inayohusika.

La tatu ni mshamba. Hili linanichekesha kwa uchungu. Mikoa hii ndiyo inayovunia nchi mahindi, viazi, mpunga na ndizi, halafu mtoto wa Mbozi akifika chuo anaona aibu kuitwa wa shamba. Tafuta ulichotaka kusema. Kama hajazoea mji, sema hajazoea mji. Kama amekosa adabu, sema amekosa adabu. Hiyo ipo hata Masaki.

Zeruzeru sina la kurefusha. Baada ya mauaji yaliyotokea nchini, na baada ya watu hao kupigiwa kelele za "dili" barabarani, kana kwamba ni bidhaa ya kuuzwa, neno hilo liache. Mtu mwenye ualbino. Kuhusu wasio na watoto: tasa na mgumba waachie madaktari na vitabu vitakatifu. Na kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, asiye naye mwite shangazi, mama mdogo au mwalimu, kulingana na uhusiano wenu, na usimuulize watoto wanakuja lini.

Neno kali linapokuwa ndilo sahihi

Si kila laini ni heshima. Kijijini utasikia, "Binti wa fulani ameharibiwa." Kuharibiwa ni la gari au la maharage. Ukilitumia umemwambia binti kwamba amekwisha, na aliyemfanyia hatajwi kabisa kwenye sentensi. Neno linalomheshimu hapa ni lile gumu: alibakwa. Likiandikwa polisi lina kosa ndani yake na lina mkosaji. Vivyo hivyo "ugomvi wa mke na mume" wakati mtu amevunjwa mkono. Alipigwa. Kabla ya kulainisha, uliza ulaini huo unamlinda nani.

Utani una wenyewe

Mtaniuliza, na utani je? Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo ni watani hata kwenye misiba. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ya nyama ya mbwa mbele ya jeneza na watu wakacheka. Mimi si Mngoni. Nikiyasema mimi ni matusi ya kikabila. Hivyo hivyo kumwita kila mfanyabiashara mwenye duka kubwa "Mkinga" huku unakonyeza jicho kwamba utajiri wake una siri.

Kanuni yangu: utani ninaoruhusiwa naufanya ana kwa ana tu, hauingii kwenye maandishi. Ujumbe wa simu haubebi kicheko, na unaweza kusambazwa hadi kwa mtu asiyejua kwamba mlikuwa mnataniana.

Mfano wa tangazo

Hili nilipewa na mtaa mmoja niliweke sawa kabla ya kusomwa:

"Jumamosi saa 3 asubuhi kutakuwa na kugawa msaada kwa walemavu, wajane, vikongwe na waathirika. Wote wafike ofisini. Wasiojiweza waletwe."

Tukakaa na mwenyekiti, chai mkononi, tukatoka na hili:

"Jumamosi saa 3 asubuhi, ofisi ya mtaa, tutaandikisha wanaostahili msaada wa chakula: wazee wa miaka 60 na kuendelea, watu wenye ulemavu, na wajane. Mlango wa upande wa barabara hauna ngazi. Mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo. Usiyeweza kufika, mwambie mjumbe wako, atakuja nyumbani kukuandikisha."

"Waathirika" tulilifuta kabisa, maana hakuna ambaye angesimama kwenye foleni yenye bango hilo. Wenye uhitaji wataarifiwa kupitia kliniki yao. "Wasiojiweza" liligeuka kuwa mjumbe anayetembea. Wajane nimewaacha kama walivyo. Sijakutana na mjane anayelalamikia neno lenyewe. Wanalalamikia mashamba yaliyochukuliwa na mashemeji.

Ukimaliza tangazo lako, lisome kwa sauti mbele ya mtu mmoja linayemtaja. Mmoja anatosha. Akikunja uso, kalamu bado iko mkononi.

Ukiteleza

Utateleza. Ulimi umezoea. Likitoka, rekebisha palepale kwa maneno machache: "Samahani, mjomba anapita." Usifanye hotuba ya kujuta, kwa sababu sasa unamlazimisha yeye akubembeleze mbele za watu. Pole ndefu mpelekee baadaye, faraghani.

Mimi nilichelewa. Nilimpigia mzee wa Uyole baada ya wiki nzima, nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikaanza kueleza jinsi nilivyokosa usingizi. Akanikatisha.

"Sawa, mwanangu, nimekusikia. Mdogo wake anaolewa Agosti, na nimewaambia wakuite wewe. Ila viti vipange mapema, uache njia katikati."